Suti ya Baba Mkwe

Suti ilikuwa ya kijivu, vifungo viwili, na ilikuwa imetundikwa kwenye mlango wa kabati la Papa tangu Jumapili. Kwetu mwanaume akija kuoa analeta mbuzi, analeta vitenge vya mama, chumvi na jembe, lakini kitu ambacho watu wote wanakingoja kwa macho ni suti ya baba wa binti. Baba akitoka chumbani ameivaa, wanawake wanapiga vigelegele, maana amekubali. Asipoivaa, hata kama mbuzi wameshafungwa uani, hakuna ndoa. Ghislain aliituma wiki moja kabla ili fundi apate muda wa kupunguza mikono. Hakukuwa na cha kupunguza. Jumapili ile Papa aliivaa, akajigeuza mbele ya kioo, na Mama akamwambia kwamba akienda nayo misani mapadri watasahau mahubiri.

Mahari yangu ilipangwa Jumamosi, saa nane mchana. Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya ile suti na mfuko wa plastiki mkononi. Tonton Athanase, mdogo wake Papa na msemaji wa familia, alikuwa ameamuru niikunje. Alisema irudi kwa mwenyewe kabla jua halijawa kali, na wenye viti na turubai waje kuchukua vitu vyao.

Niseme mapema, ili mtu asije akamlaumu asiyehusika: kosa lilianzia mdomoni mwangu. Mimi naitwa Danielle, nina miaka ishirini na tisa, nauza dawa katika duka moja pale mjini Likasi, na tangu utoto nasifika kwa kusema. Mama husema nilizaliwa mdomo umetangulia. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangu hata ngozi sijui kama unayo.

Ghislain aliletwa nyumbani na Papa mwenyewe, miaka mitatu iliyopita. Papa ni rubani mkuu, na mtaa wetu wote wa Panda unamwita Komanda, hata watoto wanaouza maji. Ghislain alikuwa rubani msaidizi wake, yule anayekaa kiti cha kulia. Siku ya kwanza alikula bukari, ugali wa kwetu, mara tatu bila kuombwa, akamshukuru Mama kwa majina yake yote mawili, na nilipompelekea beseni la kunawa akaniangalia machoni mpaka maji yakapoa. Nilirudi jikoni nikasahau nilichofuata.

Alikuwa na tabia moja iliyonimaliza. Ukizungumza naye huinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kama bado amevaa vile vidude vya masikioni vya ndani ya ndege, na hakatizi neno. Mwanamke msemaji akipata mwanaume wa namna hiyo, amekwisha. Nilimwambia kila kitu. Akitua Kalemie au Kinshasa simu yangu inalia, na mimi namhadithia siku nzima: mteja aliyetaka dawa ya kumsahaulisha mke, Mama aliyegombana na mwenye duka la unga, Tonton Athanase aliyelala wakati wa sala na kuitikia amina mahali pasipo pake. Yeye anacheka huko aliko, na mimi nalala nikiwa mwepesi.

Ndivyo nilivyomwambia habari ya herufi. Mwezi wa nane nilipita karibu na chumba cha wazazi nikamsikia Papa anasema herufi za Kifaransa, polepole, zed, ash, ve, kisha en, er, de. Nikachungulia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kimefunika jicho la kulia, anatazama ukuta usio na kitu. Nilielewa mara moja, maana nauza dawa na najua jicho lenye ukungu nikiliona. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kupata mtoto wa jicho. Daktari anayewapima marubani anatumia karatasi ileile ya herufi miaka yote, na Papa alikuwa anaikariri mstari kwa mstari.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Leo naona aibu ya kicheko kile, kwa sababu ndani ya ndege kuna watu hamsini na kila mmoja ana kwao. Lakini mimi sikuona rubani pale, nilimwona Papa wangu anajifunza somo kama mtoto wa darasa la pili. Siku hiyohiyo nikamwambia Ghislain. Hakucheka. Alisema nisimwambie mtu mwingine. Na mimi, mjinga wa mapenzi, nikafurahi kwamba nimepata mwanaume wa kutunza siri ya nyumba yetu.

Kisha ikaja habari ya kazi. Kampuni yao ilikuwa na ndege nne, ikabaki na mbili, na marubani wakawa wengi kuliko viti. Watano walipaswa kuondoka. Kampuni ikaweka njia mbili mezani: ama watoke vijana watano walioingia mwisho, ama umri wa kustaafu ushuke kutoka sitini na tano hadi sitini, watoke wazee watano. Papa alikuwa na sitini na moja. Ghislain alikuwa mmoja wa vijana. Na kama vile Mungu alitaka kutucheka, Papa ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama cha marubani, na Ghislain katibu wake.

Mazungumzo yaliletwa Likasi kwa sababu huko Lubumbashi, kwenye ofisi za kampuni, kila ukuta ulikuwa na masikio. Papa aliomba ukumbi wa parokia, mimi na Mama tukapika. Jumanne hiyo niliingia na kutoka na sahani, kwa hiyo nilisikia mengi. Papa hakukubali njia hata moja kati ya zile mbili. Alitaka marubani wote wabaki, wagawane masaa ya kuruka mpaka kampuni ipate ndege nyingine. Bwana wa kampuni alisema kwa upole kwamba wazee wamechoka. Papa akamjibu kwa sauti ileile anayotumia kuwatangazia abiria hali ya hewa.

"Umri haiendeshake ndege," alisema. "Munganga njo anasemaka nani anafaa na nani hafae. Tumuachie munganga kazi yake."

Hapo Ghislain akasimama. Nilikuwa nimefika mlangoni na bakuli la sombe, kisamvu chetu. Hakumtazama Papa, alitazama meza.

"Commandant," alisema, "kwa munganga, zile lettres, tunazisomaka, ao tunazikamataka mu kichwa?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Kila rubani pale ndani alielewa kwamba ni zile herufi za daktari, na bwana wa kampuni akaacha kuandika. Papa hakugeuka kumwangalia Ghislain. Aligeuza kichwa taratibu kuelekea mlango tulioingizia chakula, akaniangalia mimi.

Nimeangaliwa na Papa maisha yangu yote, kwa hasira, kwa kicheko, kwa uchovu wa safari. Macho yale sikuwahi kuyaona. Hayakunigombeza hata kidogo. Yalikuwa ya mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake wazi na anajua nani alikuwa na ufunguo.

Hakubishana tena. Aliomba karatasi, akakubali umri ushuke hadi sitini. Bwana wa kampuni alilazimika kumwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, maana mstari wenyewe hakuuona. Siku hiyo wazee watano walikwisha, na vijana watano wakabaki na kazi.

Tangu hapo Papa alikula, alisalimia, alikwenda misa ya asubuhi. Hakuniuliza neno. Afadhali angenipiga.

Basi Jumamosi nikaishusha suti. Nilipokuwa nakunja koti nilihisi kitu kigumu upande wa moyo, ndani ya mfuko wa ndani. Ilikuwa bahasha. Ndani yake barua, kwa mkono wa Papa mwenyewe, herufi kubwa kama za bango la sokoni. Tarehe ilikuwa ya Jumapili, siku mbili kabla ya ule mkutano.

Ilikuwa ya Kifaransa cha ofisini, kwa wakubwa wa kampuni. Papa alisema anaomba kustaafu kwa hiari yake kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu jicho lake la kushoto halimsaidii tena, la kulia linafuata, na hataki kubeba watu asiowaona. Aliomba nafasi yake ihesabiwe kwa rubani msaidizi Ghislain, asiguswe katika watakaopunguzwa. Chini kabisa, kwa Kiswahili chetu, alikuwa ameongeza mistari miwili ambayo haikuwa ya wakubwa: "Mwanangu, hii njo zawadi yangu ya ndoa. Usiniambie merci, urushe tu muzuri."

Nilikaa chini sakafuni. Nikaelewa yote kwa mara moja. Alikuwa amepanga kutoka chumbani amevaa suti ya mkwe wake, vigelegele vikilia, atie mkono mfukoni mbele ya familia mbili na kumpa mtu kazi yake. Jumanne alikuwa anawapigania wale wazee wanne wengine. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka, kwa miguu yake, na heshima yake mkononi. Neno la Ghislain lilimvunja mtu ambaye tayari alikuwa ameinama kumpisha.

Mama aliingia akanikuta nalia. Alidhani nalilia ndoa, akanipangusa kwa ncha ya kitenge, akaniambia mwanaume ni kama basi la Lubumbashi, likikupita lingine linakuja. Hakujua habari ya barua. Nikaikunja nikaificha kifuani, ndani ya blauzi, na kwa mara ya kwanza nikawa na kitu ambacho sikumwambia mtu.

Ghislain alikuja saa nne, peke yake, masaa manne kabla ya wakati wa mahari. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kwapani amebana kuku mweupe. Kwetu anayemkosea mkwe huja na kuku mweupe. Siku nyingine yoyote ningemcheka mpaka majirani watoke, rubani mzima na kuku kwapani, manyoya yamemganda kwenye mkono wa shati. Alikuwa amekonda kwa siku nne. Macho yake yalinitafuta kabla hayajamwona mtu mwingine, na moyo wangu ukaenda kwake kama mbwa aliyesikia jina lake.

Tonton Athanase alikuwa langoni. Hakumpokea kuku. Alimsema kwa muda mrefu, kwa sauti ya kusikiwa na nyumba tatu. Alisema mkwe hakai hata kwenye kiti cha baba mkwe, hamtajii jina, hapiti mbele yake bila kuinama, na yeye amemvua nguo mbele ya wageni, kwenye ukumbi wa kanisa, huku akila chakula cha mama mkwe. Alisema hakuna mbuzi wake atakayeingia hapa, na hata huyo kuku akatafute ukoo mwingine. Ghislain alipiga magoti kwenye vumbi, akasikiliza yote, kichwa kimeinama upande wa kulia.

Ndipo sauti ya Papa ikatoka ndani, dirishani. Hakupaza.

"Athanase, umuache. Mwenye kuolewa ni Danielle. Danielle njo ataongea."

Tonton aliondoka ananung'unika. Mimi na Ghislain tukabaki chini ya turubai la mahari yetu, katikati ya viti hamsini vitupu. Alimfunga kuku kwenye mguu wa kiti. Tukakaa, tumeacha kiti kimoja kati yetu, kwa sababu nilijua nikikaa karibu na ile harufu ya sabuni yake sitasema nilichopaswa kusema.

"Nilifikiria buko inabakiaka ku mulango," alianza. Buko ni ile miiko ya mkwe mbele ya baba mkwe. "Hapa mu parcelle, minye niko mukwe. Siwezi kumuangalia papa yako mu macho na kumuambia, weye hauonake. Mukwe anatumaka muntu. Ningemutuma nani, tonton yako? Likasi yote ingejua. Njo nikangoja. Kule mu salle nikasema, hapa hatuko mukwe na baba-mukwe, tuko ba délégués ya chama, maneno ya kazi tunayaweka ku meza. Minye nilikuwa mujinga, Danielle. Yeye alikuwa tu papa yako, ata pale."

"Na minye?" nikamuuliza. "Minye siko na buko na weye. Juu ya nini haukuniambia minye? Ningemushika Papa mukono, ningemupeleka ku munganga ya macho minye mwenyewe."

"Niliogopa utalia."

"Sasa unaona nacheka?"

Kuku akajizungusha kwenye mguu wa kiti mpaka kamba ikamwishia. Ghislain aliinama akamfungua mzunguko mmoja, na mimi nikaangalia pembeni.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku moja walikuwa wanashuka Kalemie, ziwa likiwa chini na jua usoni, akamwona Papa anaitafuta njia ya kutua, anaitazama na haioni. Ghislain akashika usukani bila kusema. Papa hakuuliza. Tangu siku hiyo, miezi mitatu, kila walipotua ni Ghislain aliyeishusha ndege, na kila walipofungua mlango abiria walimpongeza Komanda, naye Ghislain anajifanya anaandika.

"Nilimuficha juu ni papa," alisema. "Lakini ndege iko na bantu makumi tano. Kama siku moja wananiweka na commandant mwingine, na yeye wanamuwekea copilote mwenye hajue? Ile nitaifanya namna gani?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniua. Mtu mbaya ni rahisi kumwacha. Ningempata na mwanamke, ningempata na uongo, leo ningekuwa nimeshapanguza machozi. Huyu alimbeba Papa angani miezi mitatu bila kumwambia mtu, halafu akamwangusha kwa sentensi moja.

Bado kulikuwa na swali moja, na niliogopa kuliuliza kuliko yote.

"Ile liste ya batoto benye kutoka. Jina yako ilikuwa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ulisema juu ya abiria, ao juu ya ile ya tatu?"

Angeweza kunidanganya. Nilimpa nafasi hata ya kunidanganya. Aliinua kichwa, akaniangalia kama siku ile ya beseni.

"Yote mbili," alisema. "Kwanza abiria. Kiisha ni weye. Nilijua nikikosa kazi, tonton yako atasema binti yao haolewe na chômeur. Nilikuwa nakutaka, Danielle. Nilikuwa nakutaka vile, nikasahau muko nyumba moja na papa yako."

Barua ilikuwa inanichoma kifuani. Ilitosha tu nitie mkono ndani ya blauzi. Angesoma mistari ile miwili ya chini na angejua kwamba hakuhitaji kusema neno, kwamba kazi yake ilikuwa imeshawekwa kwenye suti aliyoinunua mwenyewe. Na sehemu moja yangu, sitajificha, ilitaka asome. Ilitaka aumie kama Papa alivyoumia, kama mimi nilivyokuwa naumia.

Nikaitazama mikono yake. Jumatatu mikono hiyo ingeshika ndege. Mtu akibeba jambo kama lile, atalibeba mpaka kule juu, na atakuwa nalo anaposhuka Kalemie na jua usoni. Nikautoa mkono uliokuwa umeshafika kifuani, nikauweka gotini.

"Uniambie nifanye nini," alisema. "Nitalala hapa ku mulango. Nitamuomba pardon kila dimanche kiisha misa, mpaka azeeke."

"Papa amekusamehe. Umemusikia. Na tonton atachoka, kuku yako watakula kesho. Mwenye hawezi ni minye."

"Uko na kasirani. Kasirani inapitaka."

"Siko na kasirani. Ghislain, minye niko muntu ya kusema. Nilikupenda juu unanisikilizaka. Sasa, ata nikiwaza kukuambia kitu kidogo, ya Mama, ya ku kazi, naanza kujiuliza: hii itatoka siku gani, na ku meza gani? Tangu ile mardi ya mu salle sijakuambia kitu. Ata sasa, angalia, nakuchagulia maneno. Siku tutazaa, nitakuwa nachagula maneno. Muntu hawezi kuolewa vile."

"Sitarudia. Ku jina ya Mungu, sitarudia."

"Najua hautarudia. Lakini minye nitakuwa nangojea tu."

Alilia bila sauti. Sijawahi kumwona mwanaume analia na shati lake limenyooka vile. Nilitaka kumtoa yale manyoya ya kuku mkononi, unyoya mmoja baada ya mwingine, nimwambie twende tukale, habari imekwisha. Mkono wangu uliondoka wenyewe ukafika kwenye kile kiti kitupu katikati yetu. Wake ukaja ukafika hapohapo. Tukashikana vidole pale juu ya plastiki nyeupe, sijui kwa muda gani.

"Unanipenda?" aliuliza.

"Ndiyo," nilisema. "Ningekuwa sikupendi, ningeolewa tu leo."

Nikaenda ndani kuleta suti. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, kama tunavyomkabidhi mtu kitu cha heshima. Marubani hukagua kila kitu kabla ya kuondoka, ni ugonjwa wao wote, Papa naye hukagua hata kofia. Ghislain alifungua mfuko wa plastiki, akapitisha mkono kwenye mfuko wa kulia wa koti, wa kushoto, kisha ule wa ndani, upande wa moyo. Mkono ukatoka mtupu.

"Papa hakusahau kitu mu mifuko?"

"Hakuna kitu."

Niliposema hivyo nilivuta pumzi, na karatasi ikalia kidogo ndani ya blauzi yangu. Akainamisha kichwa upande wa kulia. Alisikia. Nina hakika alisikia, maana mtu yule anasikia sindano ikianguka. Nilingoja aniulize, na kama angeuliza sijui ningefanya nini. Hakuuliza. Aliitazama nyumba, akainama mbele ya dirisha la Papa kama mkwe anavyoinama, akatoka nje ya lango na suti mkononi.

Papa alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Nikaenda nikasimama karibu naye. Kutoka dirisha letu barabara inaonekana yote, mpaka kona ya muuza saruji ya Kakontwe ambapo teksi za Lubumbashi hupakia. Alikuwa amekaza macho kuelekea huko, lakini niliona hayajashika kitu.

"Ni minye nilimuambia, Papa," nilisema. "Ile ya lettres. Ni minye."

"Najua." Alipapasa akaupata mkono wangu. "Muntu asipoongea na mwenye anapenda, ataongea na nani? Minye pia nilikuwa naongeaka na mama yako." Akalishika pazia. "Costume, umemupa?"

"Nimemupa."

"Na ile ya mu mufuko?"

"Niko nayo."

Uani, Tonton Athanase alikuwa ameanza kubebanisha viti, kimoja juu ya kingine, na kuku mweupe alikuwa bado amefungwa kwenye kile cha mwisho.

"Haukumuonyesha," Papa alisema.

"Sikumuonyesha."

"Kumbe unamupenda vile, mwanangu."

Aliukaza mkono wangu, akasogeza uso karibu na kioo.

"Minye naona tu ukungu," alisema. "Uniambie, amefika ku kona?"

Niliangalia. Barabara ilikuwa tupu. Teksi ilikuwa imeshapakia na kuondoka, hata vumbi lake lilikuwa limetua.

"Bado, Papa," nikasema.

"Na sasa?"

"Bado. Anatembea polepole."